Kukandamiza upinde hakukuzi sauti: kwa wanaoanza chelo na wanaowafundisha

Mwambie mwanafunzi mchanga wa chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa, "piga kwa hisia zaidi" uone atakachofanya. Atakaza kidole cha shahada, atakandamiza upinde, bega litapanda hadi karibu na sikio, na uzi utakwaruza. Mwalimu atasema "taratibu, taratibu", naye atalegeza mpaka sauti ibaki pumzi tupu. Basi wanakwenda hivyo, mkwaruzo leo, pumzi kesho.

Mimi nafundisha chelo Unguja. Wengi wa wanafunzi wangu wanaota siku watakayokaa kwenye kikundi cha taarab, nyuma ya fidla, na katika miezi ya mwanzo sitamki kabisa neno "hisia" mbele yao. Nawafundisha kutumia upinde kama mtu anavyotumia fedha za mwezi: wapi pa kutoa nyingi, wapi pa kubana. Hisia wanazo tayari, na nyingine wamekuja nazo kutoka nyumbani, kwenye harusi na kwenye redio. Wanachokosa ni mkono unaojua kuzitoa.

Kwanza tuone uzi wenyewe unafanya nini. Ulimbo mkavu tunaopaka kwenye singa za upinde, ile rozini, huunasa uzi na kwenda nao kidogo. Kisha uzi unachomoka, unarudi, unanaswa tena. Kwenye uzi wa A mtupu, yaani usiobanwa na kidole, ukiwa umetiwa sauti sawasawa, jambo hilo hutokea mara 220 kwa sekunde. Kwenye C, uzi mnene kuliko wote, ni kama mara 65. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliueleza mwendo huo katika karne ya 19. Mwaka 1973 John Schelleng, mhandisi wa Marekani aliyekuwa mpiga chelo pia, akaonyesha mipaka yake. Uzito wa upinde ukiwa mdogo mno, uzi unachomoka kabla ya wakati na sauti inakuwa ya juujuu, mara nyingine ya mluzi. Uzito ukizidi mno, uzi unachelewa kuchomoka, na hapo ndipo unaposikia mkwaruzo.

Kati ya mipaka hiyo miwili kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Ukubwa wa sauti hutokana hasa na kasi ya upinde na umbali wake kutoka kwenye daraja, kile kibao kilichosimama kinachobeba nyuzi. Ukienda kasi zaidi, sauti inakua. Ukisogea karibu na daraja kwa kasi ileile, inakua pia. Uzito wenyewe unabadilisha zaidi rangi ya sauti: inapata makali, inang'aa, lakini haikui kwa kiasi anachodhani anayekandamiza. Tena kadiri unavyosogelea daraja, ndivyo uzito unaotakiwa unavyopanda na nafasi kati ya mipaka inavyokuwa nyembamba. Ndiyo maana anayeanza nampeleka katikati, baina ya daraja na mwisho wa ubao wa vidole, ule ambao vidole vya kushoto hubania nyuzi, mahali penye kusamehe. Darajani ataruhusiwa kwenda baadaye.

Zoezi langu la kwanza ni la uzi mtupu, kwa kawaida G. Nabandika vipande vidogo vya utepe kwenye kijiti cha upinde kuugawa robo nne. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, inawekwa 60 kwa dakika. Mwanafunzi anavuta upinde wote kwa mapigo manne, robo moja kila pigo. Hilo karibu kila mtu anaweza, na sauti yake ni nyoofu kama ukuta. Kisha nambadilishia: pigo la kwanza tumia nusu nzima ya upinde, mapigo matatu yaliyobaki yagawane nusu iliyosalia. Sauti inafunguka kwa nguvu halafu inatulia. Baadaye tunageuza, mapigo matatu ya kubana na la mwisho la kumwaga. Noti ni ileile, mkono wa kushoto haujagusa kitu, lakini mtoto wa miaka minane anainua kichwa kwa sababu amesikia kitu kinasema. Kwa watoto wenye chelo ya nusu au robo tatu upinde ni mfupi, kwa hiyo naharakisha metronomu badala ya kuwalazimisha kubana singa ambazo hawana.

Hapo ndipo ninapoingiza suala la uzito, na kwangu uzito ni mkono kuning'inia, wala si misuli kusukuma. Upinde wa chelo una kama gramu 80, na mwingi wa uzito huo uko upande wa kitako, pale unaposhikwa. Ukiwa kitakoni, mkono mzima umekaa juu ya uzi na kazi yako ni kuupunguza. Ukifika nchani, mkono uko mbali na uzi, sauti inakonda, na hapo kidole cha shahada kinahitaji kuegemea kwa kuzungusha kigasha ndani kidogo. Wanaoanza hufanya kinyume: kitakoni wanaponda, nchani wanapotea. Zaidi ya hapo, katikati ya upinde sauti inavimba tumbo bila kuombwa. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuvuta upinde polepole huku mwanafunzi akiutazama uzi wenyewe. Ule mtikisiko unaoonekana kwa macho ukiwa na upana uleule toka kitako hadi ncha, mkono umeelewa.

Kiwiko nacho kiachwe huru. Pablo Casals, aliyezaliwa Hispania mwaka 1876, alisoma Barcelona wakati ambapo wanafunzi wa chelo walibanishwa kitabu kwapani ili mkono usitoke mwilini. Yeye aliona ni upuuzi na akauachia mkono wake. Kitabu siku hizi hakuna, lakini kila mwaka napata mtoto anayebana kwapa kama bado kipo.

Sasa tatizo ambalo, kwa maoni yangu, linaharibu nyimbo nyingi za wanaoanza kuliko jingine lolote. Chukua wimbo wa mapigo matatu: noti ya mapigo mawili kwa mvuto (upinde ukienda toka kitako hadi ncha), kisha noti ya pigo moja kwa msukumo (ukirudi), na kurudia. Upinde umekwenda mbali kwa mapigo mawili, sasa unatakiwa kurudi umbali uleule kwa pigo moja. Kasi inakuwa maradufu. Na kama tulivyosema, kasi ni sauti, kwa hiyo ile noti ndogo, ambayo katika wimbo ni ya kupita tu, inapiga kelele kuliko ile kubwa. Msikilizaji anasikia wimbo unaochechemea. Mwalimu asiyejua chanzo atamwambia mtoto "noti ya pili iwe laini", na mtoto atajaribu kuilainisha kwa vidole vya kushoto au kwa kukunja uso.

Njia za kutoka zipo, na sizifundishi zote kwa siku moja. Ya kwanza ni kuunyanyua uzito wakati wa kurudi, upinde ukiachiwa uteleze kidogo kuelekea ubao wa vidole. Kasi ipo lakini uzi hauushiki sana. Ya pili ni kutorudi kote: noti ndogo itumie singa chache, upinde usogee nchani kidogo kidogo, na deni lilipwe mahali pengine kwenye noti ndefu ya msukumo. Ya tatu ni kuzitia noti zote mbili katika mvuto mmoja, upinde ukisimama kidogo kati yake. Hii ya tatu ndiyo rahisi kwa mtoto. Ya kwanza ndiyo nzuri zaidi, na mwanafunzi akiipata, unasikia hata nyimbo zake nyingine zimebadilika.

Mwanzo wa noti unahitaji kazi yake peke yake. Kabla ya kupiga, tunaimba mstari: mara kwa "ma", mara kwa "ta". Ile "ta" kwenye chelo ni upinde kukaa juu ya uzi, mkono kuhisi singa zimeng'ata, halafu kuondoka mara moja. Ukitikisa upinde pembeni bila kutoa sauti na uzi ukafuata, umeng'ata vya kutosha. Ile "ma" ni upinde kuingia ukiwa tayari umeanza kutembea. Asiyeweza kutofautisha hizo mbili atapiga kila noti kwa mlango mmoja.

Hapa taarab inanisaidia sana. Fidla na chelo humfuata mwimbaji na kumjibu baina ya mistari, kwa hiyo mwanafunzi wangu hana haja ya kubuni wapi sauti ipande. Namwomba aseme maneno ya ubeti, aniambie neno gani ndilo linalouma, na hapo ndipo singa nyingi zitakapotumika. Kwenye bashrafu, ule muziki wa taarab wa ala tupu ambako hakuna maneno, anaimba kwa silabi zozote na kuona pumzi yake inaishia wapi. Wengine husema muziki wa Kizungu ufundishwe kwanza, taarab baadaye. Sioni sababu. Uzi haujui unapigiwa Bach au unapigiwa harusi.

Kila uzi una tabia yake pia. A anapenda upinde mwepesi unaokwenda. C anataka polepole, mkono mzito, na umbali zaidi kutoka darajani. Vidole vya kushoto vikipanda juu, sehemu ya uzi inayolia inafupika, hivyo upinde nao usogee karibu na daraja, la sivyo sauti ya juu inakuwa ya kikohozi.

Mambo madogo ya hapa kwetu: wakati wa masika hewa yenye unyevu hurefusha singa, upinde unalegea katikati ya somo na mwanafunzi anadhani ni mkono wake. Kaza kidogo, na ukimaliza legeza, kila siku. Sakafu ya vigae nayo inamfanya mtoto azuie chelo kwa magoti na mwili wote unakakamaa. Ukanda uliofungwa kwenye mguu wa kiti na kushika ule mguu wa chuma wa chelo unamaliza shida hiyo.

Na vibrato, kule kutikisa kidole cha kushoto ili noti itetemeke? Wote wanaiulizia, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye video. Nawapa siku watakaponipigia mstari mmoja wa wimbo kwa vidole vilivyotulia kabisa, upinde peke yake ukifanya kazi, nikatambua bila kuuliza ni neno gani walilolichagua.