VPN ya kuaminika: unamkabidhi nani mtandao wako, na namna ya kuifunga isivuje

Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Kampuni inayokuuzia bando inajua simu hiyo ni ya nani, iko karibu na mnara gani, wa Igoma au wa Nyegezi hapa Mwanza, na inafungua tovuti zipi saa ngapi. Maneno ya WhatsApp na nenosiri la benki haivioni, kwa kuwa vinasafiri vikiwa vimesimbwa. Lakini jina la tovuti linaonekana mara mbili: simu inapouliza DNS, yaani kitabu cha anwani cha intaneti, tovuti iko wapi, na kivinjari kinapoanza kusalimiana na seva. Mwenye Wi-Fi ya hoteli pale Capri Point au ya mgahawa wa Rock City Mall naye anaona hayohayo.

Ukiwasha VPN, programu inayojenga njia ya siri kati ya simu yako na seva ya mbali, kila unachofungua kinasimbwa tena na kupelekwa kwanza kwenye seva ya VPN, kisha kinatokea upande wa pili. Kuhusu unachofanya mtandaoni, kampuni ya simu inabaki kujua jambo moja tu, kwamba simu hii inaongea na seva ile na imetumia data kiasi fulani. Ila macho hayajaondoka, yamehama. Mwenye seva ya VPN sasa ndiye anayeona orodha ya tovuti zako. Kwa hiyo unapochagua VPN huchagui kasi wala wingi wa bendera kwenye orodha ya nchi. Unachagua mtu wa kumkabidhi kile ulichokuwa unamficha mwingine.

Hiyo ndiyo sababu VPN ya bure usiyojua mwenye nayo anafaidika na nini ni mbaya kuliko kutokuwa na VPN kabisa. Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013, ikawapa watu VPN ya bure iitwayo Onavo Protect, na kupitia hiyo ikajua watu wanatumia programu zipi za washindani wake. Ilifungwa mwaka 2019. Hola, mwaka 2015, ilibainika inauza njia za watumiaji wake, yaani mgeni asiyejulikana alikuwa anapita mtandaoni kwa anwani ya IP, namba inayomtambulisha mtu mtandaoni, ya aliyepakua programu ya bure. Julai 2020, UFO VPN, iliyokuwa ikijitangaza kwamba haihifadhi kumbukumbu (logs) za wanachofanya watumiaji, ilikutwa na hifadhidata ya kumbukumbu hizohizo iko wazi mtandaoni. Na mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, walichunguza programu 283 za VPN za Android: asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba chochote. Neno VPN lilikuwa kwenye jina, basi.

Huku kwetu kuna aina nyingine inayonitia wasiwasi zaidi: faili za HA Tunnel na HTTP Injector, programu za kupitisha intaneti kwenye seva ya mtu mwingine, zinazozunguka kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp, "faili jipya, linafungua bila bando". Tuache kwamba huko ni kumwibia mwenye mtandao. Faili hilo lina anwani ya seva ya mtu fulani, na limefungwa makusudi usione ndani kuna nini. Ukiliwasha, kila kinachotoka kwenye simu kinapita kwa huyo mtu usiyemjua, naye anailipia seva hiyo kila mwezi. Jiulize anarudishaje hela yake. APK, yaani faili la kusakinisha programu ya Android, iliyorushwa kwa Xender au kuwekwa na fundi wa simu Makoroboi ni hivyohivyo: huwezi kujua kama ni ileile iliyotoka kwa mwenyewe. Pakua kutoka Play Store, F-Droid (duka la programu zenye msimbo wazi) au tovuti ya kampuni yenyewe, kwingine popote usipakue.

Sasa ya kuaminika utaijuaje? Maneno "hatuhifadhi kumbukumbu" hayana uzito, kila mtu anayaandika. Ninachoangalia ni kama kampuni imewahi kubanwa na ikakosa cha kutoa. Aprili 2023 polisi wa Sweden waliingia ofisi ya kampuni ya VPN ya Mullvad, Gothenburg, wakiwa na kibali cha upekuzi, wakatoka mikono mitupu kwa sababu taarifa walizozitaka hazikuwepo. Mullvad haiombi jina wala barua pepe. Unapewa namba ya akaunti yenye tarakimu 16 na unalipa euro 5 kwa mwezi. Private Internet Access, VPN nyingine, nayo iliwahi kupelekewa hati ya mahakama Marekani mwaka 2016, haikuwa na cha kukabidhi. Kinyume chake, PureVPN mwaka 2017 iliisaidia FBI kumpata mtumiaji, wakati ilikuwa inajinadi kwamba haina kumbukumbu. Aliyekamatwa alikuwa mnyanyasaji wa mtandaoni na simlilii, lakini ahadi ilikuwa ya uongo.

Baada ya hapo angalia kama msimbo wa programu uko wazi kwa yeyote kuusoma, na kama wakaguzi wa nje wameupitia na ripoti imewekwa hadharani. Proton VPN ya Uswisi inatimiza yote mawili, na ndiyo ya bure pekee ninayoipendekeza bila kusitasita: haina kikomo cha data, ila inaruhusu kifaa kimoja na nchi huchagui mwenyewe. Wanaolipia ndio wanaobeba gharama ya wa bure, kwa hiyo unajua hela inatoka wapi.

Malipo ni sehemu ya siri pia. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inafanya kazi kwenye kampuni nyingi, lakini muamala umeandikwa jina lako. Kama unachotaka ni kujikinga na Wi-Fi za watu, hilo si tatizo.

Upande wa sheria, usijifanye hujui. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa zao, zikiwemo anwani za IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, ikisimamia Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020. Kama ni ofisi, NGO au duka lenye matawi, shughulikia hilo kabla ya kufunga kitu chochote. VPN haikufanyi uwe juu ya kanuni, na kutembelea kilichokatazwa ni kosa hata ukipitia Nairobi.

Kabla hujawasha, jua pia itakula nini kwenye bando. Kila pakiti, yaani kipande cha data, inaongezewa baiti 60 ikiwa unatumia WireGuard, itifaki (kanuni za kusimba na kusafirisha data) ya VPN, kwenye IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti. Kwa pakiti kubwa ya baiti 1500 hiyo ni kama asilimia 4, yaani GB 1 inapoteza karibu MB 40. Wanaolalamika kwamba VPN inamaliza bando mara mbili mara nyingi tatizo lao ni lingine: wamenunua bando la mitandao ya kijamii. Kampuni ya simu inalihesabu kwa kutambua kwamba unaenda WhatsApp au Instagram. Ndani ya VPN haitambui, kwa hiyo inakata kwenye bando la kawaida, au kwenye salio kama bando halipo. Nunua bando la intaneti la kawaida. Kuhusu M-Pesa ya *150*00#, VPN haiigusi kabisa, maana USSD haipiti kwenye intaneti.

Chagua seva iliyo karibu. Kutoka Mwanza, Nairobi na Johannesburg ndizo za kujaribu kwanza; Ulaya ni safari ya Dar es Salaam kisha baharini. Ukiona kampuni ina "Tanzania" kwenye orodha, pima ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Ikizidi ya Johannesburg, huenda seva iko mbali na imevalishwa tu anwani ya IP ya Tanzania. Na wakati nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 12, 2024, hakuna VPN iliyosaidia mtu. VPN inapanda juu ya intaneti iliyopo, haileti nyingine.

Kuifunga kwenye simu

Sakinisha programu, ingia, kisha nenda kwenye itifaki uchague WireGuard. Ina takriban mistari 4,000 ya msimbo, ndiyo maana inakagulika, na tangu Machi 2020 iko ndani ya Linux yenyewe. OpenVPN bado ni salama, nzito kidogo. PPTP usiiguse, ilishavunjwa tangu mwaka 2012.

Hatua inayorukwa na wengi iko nje ya programu ya VPN. Fungua mipangilio ya Android, sehemu ya mtandao, VPN, gusa alama ya gia pembeni ya jina la VPN yako. Washa vitufe viwili: Always-on VPN, na chini yake Block connections without VPN. Cha kwanza kinaiwasha VPN yenyewe simu inapowaka. Cha pili ndicho muhimu: VPN ikikatika, simu inakosa intaneti badala ya kutoka nje uchi. Kisha nenda kwenye betri uiruhusu programu ifanye kazi bila vikwazo. Kwenye Tecno, Infinix na itel usiporuhusu, mfumo utaiua skrini ikizimwa, nawe utadhani kampuni ya VPN ndiyo mbovu.

Wenye seva yao, au waliopewa faili la WireGuard, liangalieni kabla ya kuliingiza. Linafanana na hili:

[Interface]
PrivateKey = (ufunguo wako wa siri)
Address = 10.8.0.2/32
DNS = 10.8.0.1
MTU = 1280

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa seva)
Endpoint = anwani-ya-seva:51820
AllowedIPs = 0.0.0.0/0, ::/0
PersistentKeepalive = 25

Mstari wa AllowedIPs ndiyo unaoponza watu. Ukiandika 0.0.0.0/0 peke yake, umepitisha IPv4 tu. Laini yako ikiwa na IPv6, mfumo mpya wa anwani, na hujawasha ile Block connections, tovuti kubwa zinaweza kufunguka kupitia hiyo, nje ya VPN, huku alama ya ufunguo ikiwa inang'aa juu ya skrini. Mstari wa DNS ukikosekana, majina ya tovuti yataendelea kuulizwa kwa DNS uliyokuwa nayo, na mara nyingi hiyo ni ya kampuni ya simu. Na ujue hili: seva uliyoikodi mwenyewe inakukinga na Wi-Fi ya hoteli, lakini haikufichi kwa tovuti unazotembelea, kwa sababu anwani ile ya IP unaitumia wewe peke yako.

Pima. Fungua ipleak.net VPN ikiwa imezimwa, andika anwani unayoiona. Washa, fungua upya. Anwani ya IPv4, ya IPv6 na za DNS zote ziwe zimebadilika, au ya IPv6 isionekane kabisa. Ikibaki hata moja ya zamani, kuna tundu.

Inapogoma

Alama ya ufunguo ipo lakini hakuna kinachofunguka. Kwenye WireGuard gusa jina la tunnel uangalie namba za data. Tx inapanda na rx imekaa sifuri? Ujumbe wako unatoka na majibu hayarudi. Ama ufunguo au anwani ya seva imekosewa, ama mtandao uliopo unazuia UDP, aina ya usafirishaji wa data ambayo WireGuard inaitegemea, jambo la kawaida kwenye Wi-Fi za vyuo na ofisi. Hapo hamia OpenVPN kwa TCP bandari 443, au itifaki ya Stealth kwa watumiaji wa Proton. Angalia pia saa ya simu: ikirudi nyuma, seva ya WireGuard inakataa salamu ikidhani ni ya zamani inayorudiwa. Weka saa ijipange yenyewe.

Rx inapanda, Google inafunguka, lakini picha zinakwama na kurasa nzito zinazunguka tu? Hiyo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Pakiti kubwa zinatupwa njiani, ndogo zinapita. Shusha hadi 1280 kama nilivyoandika hapo juu. Kama 1.1.1.1 inafunguka kwa namba na tovuti kwa majina hazifunguki, tatizo ni DNS.

Gesti ya Kirumba yenye Wi-Fi inayotaka uingize namba ya chumba kwanza haitafungua ukurasa wake ukiwa umewasha Block connections. Izime pamoja na VPN yenyewe, ingia neverssl.com ili ukurasa wa hoteli ujitokeze, jaza, kisha viwashe tena vyote viwili. Dakika hiyo usifungue kitu kingine.

Kwenye feri ya kwenda Nansio, simu inapoteza mnara na kushika mwingine mara kadhaa. WireGuard inavumilia hilo, inaendelea ilipoishia anwani inapobadilika. PersistentKeepalive ya 25 inatuma pakiti ndogo kila sekunde 25 ili mtandao wa simu usisahau njia ya kurudi. Bila hiyo, ujumbe wa kuingia unachelewa hadi wewe ufungue kitu.

La mwisho ni la wenye laptop, na sijui kwa nini halisemwi zaidi. Ukirusha hotspot kutoka kwenye simu yenye VPN, laptop haipiti ndani ya VPN hiyo. Kwenye Android ya kawaida na iPhone, data ya hotspot inatoka moja kwa moja kwenye laini. Laptop inahitaji VPN yake, na kwenye WireGuard ya Windows weka alama kwenye Block untunneled traffic, kisha urudie kipimo cha ipleak.net ukiwa kwenye laptop yenyewe. Kama akaunti yako inaruhusu kifaa kimoja tu, mpe laptop, hasa kama ndiyo inayobeba kazi za ofisi.