Jarida halifiki, mchapishaji anasingizia faragha: yanayoaminiwa na ukweli wake

Umelipia jarida la nje ukiwa Mbeya, Mafinga au Njombe. Matoleo mawili yamefika, kisha sanduku limekaa tupu miezi minne. Unaandika kuuliza, unajibiwa kwamba sheria za faragha haziruhusu kujadili taarifa za akaunti hiyo. Wengi huishia hapo wakidhani wamegonga ukuta wa kisheria. Si kweli, na inauma kuona watu wakipoteza fedha zao kwa jibu la namna hiyo.

Dhana: Sheria ya faragha inamkataza mchapishaji kukueleza kilichotokea

Sheria hizo zinamlinda mwenye taarifa, na mwenye taarifa ni wewe. Kwa mchapishaji aliye Ulaya, sheria inayoitwa kwa kifupi GDPR, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, inakupa katika kifungu cha 15 haki ya kupata nakala ya taarifa zako, na katika kifungu cha 16 haki ya kuzisahihisha. Uingereza imebaki na kanuni hizo hizo hata baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Haijalishi wewe ni raia wa wapi wala unaishi wapi. Kinachoangaliwa ni kwamba kampuni iko huko. Wanatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja, bila malipo. Ombi likiwa gumu wanaweza kuongeza miezi miwili, ila lazima wakuarifu kabla mwezi wa kwanza haujaisha.

Marekani ni tofauti. Haina sheria moja ya shirikisho ya faragha inayozibana biashara zote. Sheria ya Faragha ya mwaka 1974 inazihusu taasisi za serikali ya shirikisho, si kampuni za majarida. Kwa hiyo huko pengine huna haki ya kudai nakala, lakini nao hawawezi kuitumia sheria hiyo kukunyima jibu.

Usiwaandikie "jarida langu halijafika" peke yake. Omba vitu vinne kwa majina yake: anwani yako kama ilivyoandikwa kwenye kumbukumbu zao, herufi kwa herufi, tarehe ambayo kila toleo lilitumwa kwako, kampuni iliyokabidhiwa kulisafirisha, na kama kuna bahasha yoyote iliyorudishwa. Taja namba ya msomaji, ambayo kwa kawaida huchapwa kwenye lebo juu ya jina, pamoja na namba ya malipo. Wakitaka kuhakikisha ni wewe, jibu ukitumia baruapepe uliyojisajilia. Usikimbilie kutuma picha ya kitambulisho cha NIDA. Wanaruhusiwa kuomba uthibitisho zaidi pale tu wanapokuwa na shaka ya msingi, na hata hapo funika namba na kila kisichohitajika.

Dhana: Hawaruhusiwi kupeleka anwani yako nje ya Ulaya

Kifungu cha 49 cha GDPR kinaruhusu taarifa kwenda nchi ya nje pale inapohitajika kutimiza mkataba kati yako na kampuni. Uliagiza jarida lifike Tukuyu. Haliwezi kufika Tukuyu bila anwani ya Tukuyu.

Dhana: Jarida ulilolipiwa na ndugu aliye ng'ambo, huna la kuuliza

Hapa mchapishaji ana hoja kidogo. Kadi iliyolipa, kiasi na baruapepe ya mlipaji ni taarifa za huyo shangazi au kaka aliyekununulia, na kukunyima hizo ni sawa. Lakini jina lako na sanduku lako la posta ni vyako hata kama hukulipa senti, na unaweza kuuliza vimeandikwaje. Njia ya mkato ni mlipaji aandike mistari miwili kutoka baruapepe yake: namruhusu fulani ashughulikie usajili namba fulani. Baada ya barua hiyo, kisingizio cha kwamba wewe si mwenye akaunti kimekwisha.

Dhana: Posta ya hapa ndiyo imelipoteza

Inawezekana, lakini anza na lebo. Makosa mengi ya anwani zetu huzaliwa kwenye fomu za huko.

Kosa la kwanza ni mstari kukatwa. Fomu nyingi zina nafasi ya herufi chache kwa kila mstari. Ukiandika jina la shule au parokia na namba ya sanduku kwenye mstari mmoja, kompyuta hubakiza jina la shule na kutupa namba. Mpe sanduku mstari wake, na kwenye fomu ya Kiingereza andika P.O. Box badala ya S.L.P., kwa sababu programu zao zinaitambua.

La pili ni mji. Namba za masanduku hujirudia: kuna sanduku 100 Mbeya na kuna 100 Tukuyu. Anayeishi Uyole huku sanduku lake liko Tukuyu, akiandika Mbeya, jarida lake linaingia kwa mtu mwingine. Andika mji wa ofisi ya posta lilipo sanduku, si mahali unapolala. Mkoa hauna uzito huo. Orodha za mikoa kwenye fomu za nje nyingine ni za zamani, hazina Njombe iliyotengwa na Iringa mwaka 2012 wala Songwe iliyotoka Mbeya mwaka 2016. Mtu wa Vwawa asihangaike kuitafuta Songwe, ahakikishe tu Vwawa na Tanzania zimeandikwa.

La tatu halifikiriwi sana. Postikodi zetu zina tarakimu tano, sawa na za Marekani. Za Mbeya zinaanza na 53, za Iringa 51. Huko Marekani 53 ni Wisconsin na 51 ni Iowa. Nchi ikikosekana kwenye lebo, mashine ya kuchambua barua inaweza kulipeleka jarida huko. TANZANIA ikae peke yake, herufi kubwa, mstari wa mwisho.

Kwa upande wetu, kagua ada ya sanduku. Ada ya mwaka isipolipwa, sanduku hufungwa na barua zinaweza kurudishwa. Sanduku likiwa la shule au ofisi, muulize anayeshika ufunguo kabla ya kumlaumu yeyote.

Daftari linasaidia kujua tatizo liko wapi. Andika namba ya toleo, mwezi wake, siku lilipofika na hali ya bahasha. Likifika moja na kukosekana jingine, anwani ni nzima na upotevu uko njiani. Yasipofika kabisa tangu ulipolipia upya, kosa liko kwenye akaunti au lebo mpya. Yakikoma ghafla, tazama lebo ya mwisho uliyonayo: nyingi huonyesha mwisho wa usajili.

Dhana: Karani wa posta anaweza kulifuatilia kwa jina lako

Jarida la kawaida halina namba ya ufuatiliaji. Likiwa na namba, namba hiyo ina alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili za nchi lilikotoka. La rejista, yaani lililosajiliwa posta wakati wa kutumwa, namba yake huanza na R. Bila hiyo, hakuna cha kutafuta kwenye kompyuta, iwe Dar es Salaam au Mbeya. Tena mkataba na posta ni wa mtumaji, kwa hiyo ulalamishi rasmi aufungue mchapishaji, na kwa rejista mwisho ni miezi sita tangu siku ya kutumwa. Rejista kwa kila toleo inaweza kuzidi bei ya jarida lenyewe. Waombe wakutumie matoleo matatu kwa pamoja, bahasha moja, rejista moja.

Dhana: Wakishalituma, hasara ni yako

Kwa mkataba unaofuata sheria ya Uingereza, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inaweka hasara kwa muuzaji mpaka bidhaa iingie mikononi mwako. Kusema "tulilituma" hakutoshi. Dai nakala nyingine, au nyongeza ya muda sawa na matoleo yaliyokosekana, au fedha.

Wakinyamaza mwezi mzima baada ya ombi la taarifa, peleka malalamiko kwa msimamizi wa sheria za faragha wa nchi yao: ICO kwa Uingereza, CNIL kwa Ufaransa. Ulipolipia kupitia wakala aliye Dar es Salaam, anabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mlango wa kugonga ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fedha ni njia nyingine kabisa: kwa kadi ya Visa, pingamizi la bidhaa isiyofika, yaani kuiomba benki yako idai fedha zirudishwe, kwa kawaida lina siku 120 kuanzia siku ulipotarajia kuipokea. Kama ulitumia kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu, pingamizi linaanzia kwa kampuni hiyo, na picha za daftari lako ndizo za kwanza kuambatanisha.