Presha iligoma kwenye 7: nani alilipua Nord Stream?

Kila nikiulizwa nani alilipua mabomba ya Nord Stream, yaliyolazwa chini ya Bahari ya Baltiki kupeleka gesi kutoka Urusi hadi Ujerumani, huwa naanza na namba 7. Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 26 Septemba 2022, presha ndani ya Nord Stream 2 iliporomoka kutoka bari (kipimo cha presha) 105 hadi 7, ikagoma hapo. Kwa sisi tunaoshughulika na mabomba ya baharini, namba hiyo inajieleza. Kila mita 10 za maji hukandamiza kwa takriban bari moja. Kwa hiyo bomba lililo wazi kwenye kina cha mita 70 hivi litavuja mpaka gesi ilingane nguvu na bahari, kisha litulie kwenye 7. Na kina cha Bahari ya Baltiki karibu na kisiwa cha Bornholm, Denmark, ni cha kiasi hicho.

Je, lilitoboka lenyewe? Hapana. Chuma chake kina unene wa karibu sentimita 3 au zaidi, na juu yake kumevikwa zege. Nanga ya meli inaweza kuharibu bomba, kama ilivyotokea kwa Balticconnector kati ya Finland na Estonia Oktoba 2023. Lakini nanga haitikisi mitambo ya kupimia matetemeko ya ardhi. Hapa mitambo ilinasa mshindo saa 8:03 usiku, halafu tena saa 1:03 jioni. Saa 17 kamili kati yake! Baadaye Uswidi ikatangaza kuwa mabaki ya vilipuzi yamepatikana. Hujuma, basi.

Kuhusu nani, kila upande ulivutia kamba kwake. Waliomshuku Mrusi walitaja meli yake SS-750, inayobeba chombo cha kuzamia, iliyopigwa picha na Wadenmark jirani na eneo hilo siku 4 kabla. Waliomshuku Mmarekani walirudia maneno ya Biden ya Februari 2022, kwamba Urusi ikiivamia Ukraine, Nord Stream 2 haitakuwepo. Mwaka uliofuata mwandishi Seymour Hersh akadai wapiga mbizi wa Marekani walitega mabomu wakisaidiwa na Norway, Washington ikakanusha. Urusi nayo ilishawanyooshea kidole Waingereza.

Hoja ya “nani kafaidika” mimi hainishiki. Urusi ilikuwa imeshafunga gesi ya Nord Stream 1 tangu mwanzoni mwa Septemba, na Nord Stream 2 haikuwahi kuuza hata pumzi moja. Gesi iliyotoka ilikuwa ile iliyojazwa ndani na kukaa tu. Ukitafuta mfaidika utampata yeyote uliyekuja naye kichwani.

Nafuata vitu vinavyoshikika. Wajerumani walipekua boti ya matanga iitwayo Andromeda, ya urefu wa mita 15 hivi, iliyokodiwa Rostock, Ujerumani, mapema Septemba 2022 na watu waliotumia pasipoti za kughushi. Ndani yake yalikutwa mabaki ya vilipuzi vya kutumika chini ya maji. Mwaka 2024 Ujerumani ilitoa hati ya kumkamata mwalimu wa kupiga mbizi, raia wa Ukraine. Mwaka 2025 akakamatwa Poland, mahakama ikakataa kumkabidhi na kumwachia. Mwukraine mwingine alikamatwa Italia Agosti 2025 na kupelekwa Ujerumani. Uswidi na Denmark zilishafunga majalada yao Februari 2024 bila kumshtaki mtu. Serikali ya Ukraine inakana kuhusika.

Wenzangu wengine hucheka: boti ya starehe isiyo na winchi ya maana, ikafanye kazi ya jeshi la majini? Naona wanakosea kidogo. Mita 70 au 80 ni hatari, lakini wapiga mbizi wenye mafunzo maalumu na gesi ya kupumulia yenye heliamu hufika huko. Na bomba lililojaa presha halihitaji kusagwa. Ukilipasua sehemu, gesi yenyewe inamalizia kazi. Hata hivyo nani aliwatuma na kuwalipa, mabaki ya vilipuzi mezani hayasemi.

Kinachonivuta zaidi ni hesabu ya matundu. Njia zilikuwa nne: mbili za Nord Stream 1, mbili za Nord Stream 2. Matundu yalikuwa manne pia. Lakini njia A ya Nord Stream 2 imekatwa mara mbili, kusini-mashariki ya Bornholm na tena kaskazini-mashariki, wakati njia B yake ilibaki nzima. Waliopanga kwa utulivu wasingetega mara mbili kwenye bomba lilelile. Ila chini kule ni giza, maji ni baridi, na mabomba mawili ya aina moja ukiyapapasa hayana tofauti. Kwangu mimi hiyo inafanana na watu waliokuwa na dakika chache za kukaa chini, wakadhani wamelifikia B.