Miaka kumi ya ndoa: Kiingereza kinataka kujua kama bado inaendelea

Malalamiko tunayoyapokea mara kwa mara kutoka kwa watahiniwa wa Kiingereza, na kwa watu wanaojaza fomu rasmi kwa lugha hiyo, ni ya namna mbili: "nimejieleza vizuri lakini alama ziko chini," au "maelezo yangu yamerudishwa, eti yanapingana." Tukiyasoma maandishi yenyewe, mara nyingi msamiati hauna kasoro. Tatizo ni hali timilifu (present perfect, yaani have au has pamoja na kitenzi, kama "I have worked"), hasa pale mtu anapoeleza mambo ya muda mrefu: miaka ya kazi, safari, juhudi. Hatutaeleza hapa lini ni have na lini ni has. Hilo tunaamini kila msomaji analo.

Tuanze na dhana isiyotaka kufa, kwamba -me- ni have. Siyo. "Nimechoka" ni "I am tired". "Nimekaa" yaweza kuwa "I am sitting", mtu yuko kitini sasa hivi. Na "nimefika jana" ni Kiswahili tunachokisikia kila siku, ilhali "I have arrived yesterday" ni kosa. Kiingereza kikitajiwa wakati uliokwisha kupita (yesterday, last week, in 2018, two hours ago) hukataa hali timilifu. Andika "I arrived yesterday". Wako wanaobishana nasi kwamba kufika ni jambo lililotimia. Limetimia, sawa, lakini umeshataja siku, na siku ndiyo inayoamua.

Kosa la upande wa pili linaeleweka zaidi. Tunasema "ninaishi hapa tangu 2016", kwa wakati uliopo, na Kifaransa nacho hufanya hivyohivyo. Kiingereza hakikubali "I am living here since 2016". Kinataka "I have lived here since 2016" au "I have been living here since 2016". Since hutaja pale hesabu ilipoanzia, for hutaja kiasi cha muda: since 2016, for nine months. "Since three years" inazaliwa na "tangu miaka mitatu iliyopita". Ibadilishe iwe "for three years". Tukio linalofuata since likiwa ni mwanzo wa hesabu, liweke katika wakati uliopita: "since I arrived", si "since I have arrived".

Sasa kwenye fomu, ambako kosa dogo huzua barua ndefu. "I have been married for ten years" maana yake ndoa ipo hadi leo. "I was married for ten years" maana yake imekwisha, kwa talaka au kwa kifo. Mjane akiandika sentensi ya kwanza, kisha kwenye kisanduku cha hali ya ndoa akajaza "widowed", ameandika mambo mawili yasiyopatana, na anayeshughulikia faili hapaswi kukisia lipi ni la kweli. Kazi ni vivyo hivyo. "I have worked here for six years" husomwa kwamba bado uko hapo. Aliyeacha mwaka 2021 aandike "I worked there for six years, from 2015 to 2021".

Safari nazo zina mtego wake. "Ameenda London" kwa Kiingereza ni mambo mawili. "She has gone to London": yuko huko au yuko njiani. "She has been to London": amewahi kwenda, na amerudi. Lakini been ya swali "Have you ever been refused a visa?" haihusu kusafiri kabisa. Inauliza kama umewahi kunyimwa viza, na ever inachukua maisha yako yote isipokuwa fomu yenyewe imeweka mpaka wa miaka. Kujibu "hapana" kwa sababu ulinyimwa zamani sana ni kutoa taarifa isiyo ya kweli.

Kuhusu -ing: "I have been writing letters all morning" inaonyesha jasho, "I have written six letters" inaonyesha kilichopatikana. Ukitaja idadi ya vilivyokamilika, -ing iondoke. Vitenzi kama know na own haviipokei hapa hata kidogo: "I have known her for ten years". Na wanaoandika barua za malalamiko, tafadhali: "hii ni mara ya tatu napiga simu" ni "This is the third time I have called", si "I am calling".

Semi chache zisomwe kwa ujumla wake. "It has been ages" ni siku nyingi hatujaonana. "I have been on my feet all day" ni kutwa nzima sijakaa. "I have come a long way" mara nyingi husifu maendeleo ya mtu. Ukitaka kilomita, "I have travelled a long way" haina utata. "I have been meaning to write to you" ni kuomba radhi kwa barua ambayo haikuandikwa.

Mwisho, alama. Hakuna msahihishaji wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, anayekata alama moja kwa kila kosa. Uandishi hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, kimoja kikiwa upana na usahihi wa sarufi, na kazi ya pili ya kuandika (insha) huhesabiwa mara mbili ya ile ya kwanza. Ili kufikia daraja la 7 kati ya 9 katika sarufi, sentensi zisizo na kosa lolote ziwe nyingi. Ndiyo maana since moja mbovu katika kila sentensi inaumiza kuliko kosa moja kubwa. Wastani wa jumla ukiishia na .25 hupandishwa hadi nusu inayofuata, ukiishia na .75 hupandishwa hadi namba kamili. Asiyeridhika anaweza kuomba matokeo yapitiwe upya ndani ya wiki 6 tangu tarehe ya mtihani, kwa ada, ambayo hurudishwa alama zikibadilika. Wiki hizo huhesabiwa tangu siku ya mtihani, si tangu siku uliyopata matokeo.