Kazi ya shuruti: katiba inakataza nini, na inaacha nini

Kazi ya shuruti ni kazi au huduma yoyote ambayo mtu anafanyishwa kwa tishio la adhabu, wala hakujitolea kuifanya kwa hiari yake. Maana hiyo imetoka kwenye Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1930, na ndiyo inayotumika hadi leo. Vigezo vyake ni viwili tu: kuna tishio, na hakuna hiari. Ugumu wa kazi haumo, wala udogo wa mshahara. Anayebeba zege juani kutwa nzima kwa ujira wa kubahatisha huenda anadhulumiwa, lakini kama jioni anaweza kusema "kesho siji" na asipatwe na lolote zaidi ya kukosa hela, hafanyi kazi ya shuruti. Dada wa kazi anayekula vizuri na kulala kwenye chumba chenye feni, ila kitambulisho chake kimefungiwa kabatini na ameambiwa akithubutu kuondoka ataitiwa polisi kwa wizi, huyo anafanya.

Tishio lenyewe si lazima liwe fimbo. Mshahara wa miezi kadhaa ukishikiliwa ili mtu asiondoke, hilo ni tishio. Vivyo hivyo deni la nauli ya kuletwa mjini ambalo halipungui kila linapolipwa, au mgeni kuambiwa kwamba atachongewa Uhamiaji. Na hiari haipimwi siku ya kwanza tu. Mtu aliyedanganywa kuhusu kazi hakuridhia, na aliyeridhia kwa dhati bado ana haki ya kubadili nia.

Utumwa ni jambo la karibu, ila si lilelile. Mkataba wa mwaka 1926 unauelezea kuwa ni hali ya mtu ambaye mwenzake anamtumia kama mali, kwa mamlaka yote ya mwenye mali au baadhi yake. Katikati ya utumwa na kazi ya shuruti kuna kutumikishwa: hakuna anayesema "huyu ni wangu", lakini mtu analazimika kuishi kwa mwingine na kumfanyia kazi bila njia ya kujinasua.

Kwa nini kuchambua hivyo? Kwa sababu historia ya kwetu ilionyesha kwamba unaweza kukomesha kimoja na kingine kikastawi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka 1897 sheria ya huko ikaacha kuutambua utumwa. Muda si mrefu baadaye, Waingereza haohao waliojivunia jambo hilo wakawa wanahitaji watu wa mashamba ya walowezi Kenya. Kodi ya nyumba iliwalazimu watu kutafuta fedha taslimu. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa wa serikali wawahimize Waafrika waende kufanya kazi mashambani, na kuanzia mwaka 1920 kipande, yaani cheti cha utambulisho chenye kumbukumbu za ajira, kikawa shingoni mwa wanaume. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuruhusu, kuondoka kwako kulikuwa kosa la jinai. Hakuna mtu aliyekuwa mali ya mtu, na bado kutoka hukuweza. Kusini mwa Tanganyika, chini ya Wajerumani, kulazimishwa kulima pamba kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Maji Maji mwaka 1905.

Ndiyo maana katiba nyingi za ukanda huu zinataja vyote kwa pamoja, lakini haziviwekei ukuta wa urefu mmoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 30, ina vifungu viwili vifupi: hakuna mtu atakayewekwa katika utumwa au kutumikishwa, na hakuna atakayelazimishwa kufanya kazi ya shuruti. Ukiishia hapo utadhani viko sawa. Rudi ibara ya 25, inayoorodhesha haki zisizopunguzwa na sheria yoyote: kutoteswa na kutotendewa kikatili, kutokuwa mtumwa wala kutumikishwa, kusikilizwa kwa haki mahakamani, na haki ya aliyekamatwa kufikishwa mbele ya hakimu ili uhalali wa kushikiliwa kwake uchunguzwe. Kazi ya shuruti haimo. Maana yake ni kwamba Bunge haliwezi hata siku moja kutunga sheria ya kuruhusu utumwa, lakini linaweza kuweka mipaka kwenye katazo la kazi ya shuruti, mradi lithibitishe kuwa mipaka hiyo ni ya busara na inakubalika katika jamii huru. Hapo ndipo kazi za wafungwa zinapopenya. Uganda nao katika katiba yao ya mwaka 1995 wametenganisha hivyohivyo.

Kesi inayonivutia zaidi ni Tanzania. Katazo lipo ibara ya 25(2): "hakutakuwa na kazi ya shuruti katika Jamhuri ya Muungano". Sentensi safi kabisa. Ila tazama ilipowekwa. Haiko pamoja na haki ya kuishi au uhuru wa mtu. Iko kwenye sehemu ya wajibu wa jamii, chini ya maneno kwamba kazi ndiyo huzaa utajiri na kwamba kila mtu ana wajibu wa kushiriki katika kazi halali. Kisha kifungu cha 3 kinataja kazi ambazo hazitahesabiwa kuwa za shuruti. Kazi inayotokana na hukumu ya mahakama, kazi ya askari, kazi wakati wa baa au hali ya hatari: hizo ziko pia katika mkataba wa ILO. Lakini kinaongeza ujenzi wa taifa wa lazima kwa mujibu wa sheria, na jitihada za taifa za kutumia uwezo wa kila mtu kufanya kazi kwa ajili ya kukuza uchumi.

Hilo la mwisho ni pana mno, na ukijua miaka yenyewe utaelewa limetoka wapi. Haki hizi ziliingizwa katika katiba mwaka 1984. Mwaka mmoja kabla, 1983, ilikuwa imepitishwa Sheria ya Nguvukazi, na wale walioitwa wazururaji na wazembe walikuwa wakikamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa vijijini wakalime. Serikali iliyotoka kufanya hivyo isingeandika katazo ambalo kesho yake lingeishtaki. Na huo ujenzi wa taifa wa lazima, yaani Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, ilishawahi kuleta mtafaruku: Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kuipinga, na Mwalimu Nyerere akawafukuza chuoni kwa mamia. Wataalamu wa ILO wameiandikia Tanzania kwa miaka mingi kuhusu upana wa kifungu hicho. Kwa maoni yangu wana hoja. Kuchimba mtaro wa kijiji pamoja na majirani ni jambo moja. Kumpangia mtu kazi kwa sababu uchumi wa taifa unamhitaji ni jambo jingine, na kifungu kinayafumbata yote mawili.

Kwa upande wa ukatili, Tanzania inakataza katika ibara ya 13(6)(e) mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu za kumdhalilisha. Lakini katika kesi ya Mbushuu ya mwaka 1995 kuhusu adhabu ya kifo, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikasema ibara ya 30(2) inairuhusu kwa masilahi ya umma. Kenya ilichagua njia nyingine: kutoteswa na kutotendewa kikatili kumo kwenye ile orodha ya ibara ya 25, na ibara ya 29 inakataza hata adhabu ya viboko.

Ibara hiyo ya 29 ina maneno machache ambayo watu huyapita bila kuyaona. Inamlinda mtu dhidi ya ukatili utokao serikalini au kwa watu binafsi. Ukichanganya na ibara ya 20, inayosema kwamba haki hizi zinafunga vyombo vya dola na watu wote, basi mama mwenye nyumba anayempiga msichana wa kazi hakiuki sheria ya jinai peke yake, anakiuka katiba. Wakala wa Nairobi anayempeleka binti Saudia akijua kwamba hati yake ya kusafiria itachukuliwa akifika naye anafungwa na katiba hiyo. Mwajiri wa Riyadh hafungwi nayo. Huko kuna kafala, mfumo ambao kibali cha mfanyakazi kuwepo nchini kinamtegemea kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, na mabadiliko ya Machi 2021 yaliyowarahisishia baadhi ya wafanyakazi kubadili mwajiri yaliwaacha nje wafanyakazi wa ndani. Kwa hiyo mwanasheria anayeanza na wakala aliyebaki nyumbani anajua anachofanya.

Swali linalobaki ni la mlangoni: nani anaweza kwenda mahakamani? Kenya, ibara ya 22 inamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujisemea, hakuna ada ya kufungua shauri, na mahakama inaweza kupokea hata maandishi yasiyofuata taratibu. Tanzania, shauri la haki za msingi linapelekwa Mahakama Kuu chini ya sheria ya mwaka 1994, na marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa aliyefungiwa ndani na simu yake imechukuliwa, tofauti hiyo si ya wanasheria peke yao: upande mmoja wa mpaka jirani anaweza kumfungulia shauri la kikatiba, upande wa pili, kwa marekebisho hayo, jirani huyohuyo ilimbidi aanzie kituo cha polisi au ofisi ya ustawi wa jamii.