Mtoto Akipaliwa, Sikiliza Kwanza

Siku za kliniki, swali huwa lilelile: "Sista, mwanangu akipaliwa nifanyeje?" Nami huuliza kabla ya kujibu: anakohoa, au kanyamaza?

Mtoto anayekohoa kwa nguvu na kulia, hata kama uso umemwiva na machozi yanamtoka, bado anapitisha hewa. Kikohozi hicho usikiingilie. Mkalishe wima, mtazame, mwache akohoe. Wa kuogopwa ni aliyenyamaza ghafla: mdomo wazi, hana sauti, au kikohozi kimefifia kikabaki mkwaruzo. Kwa watoto wetu weusi rangi ya ngozi haisemi mapema, kwa hiyo tazama midomo, ulimi na ufizi. Ukiona buluu, huna muda wa kumwita jirani aje kwanza kushauri.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, keti umlaze kifudifudi juu ya mkono wako, mkono ukiegemea paja, kichwa kikiwa chini kuliko kiuno. Shika taya kwa vidole bila kubana koo. Kwa kisigino cha kiganja cha mkono wa pili, yaani sehemu ngumu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono, mpige makofi 5 katikati ya mabega. Yawe makofi kweli; akina mama wengi mara ya kwanza hupapasa kana kwamba wanamcheulisha. Kisipotoka kitu, mgeuze chali, kichwa bado kiwe chini, umkandamize katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu, mara 5. Waliofundishwa zamani watakumbuka vidole viwili. Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa mwaka 2025 unataka kisigino cha kiganja kimoja, kifua kizame yapata sentimita 4. Rudia, makofi 5, kifua mara 5, mpaka kitu kitoke, alie, au alegee.

Ile namna ya kumkumbatia mtu kwa nyuma na kumkandamiza tumbo ni ya waliotimiza mwaka na kuendelea. Ini la mtoto mchanga ni kubwa na mbavu hazilikingi vizuri, linaweza kupasuka.

Akilegea, mlaze pagumu, hata sakafuni. Kandamiza kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, chungulia mdomoni, kisha funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako umpulizie pumzi 2 ndogo. Endelea hivyo. Mwenzako atafute gari au bajaji. Kama uko peke yako, fanya hivyo dakika 2 kabla ya kuchukua simu.

Yapo na mazoea ya nyumbani. Kumpuliza utosini hakumdhuru, ila kunakula sekunde. Maji au kipande cha ndizi "kisukume" ndiyo hatari yenyewe, maana kilichoziba kiko kwenye njia ya hewa, si ya chakula. Na kidole kinachopapasa kooni bila kuona hukizamisha zaidi. Kama unakiona na unaweza kukishika, kitoe. Kama hukioni, toa mkono.

Sasa niseme jambo ambalo bibi zetu hawapendi kulisikia. Kumziba mtoto pua ili anywe uji ndiyo njia ya uhakika ya kumpalia. Pua ikizibwa hupumulia mdomo, na mdomo umejaa uji. Anavuta hewa na kumeza kwa wakati mmoja. Dawa ya maji nayo ni hivyo hivyo. Mkalishe, bomba la dawa liguse ndani ya shavu, umpe kidogo kidogo ameze. Chupa isiegemezwe kwenye mto mtoto akaachwa peke yake. Kabla ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu, na baada ya hapo chakula kipondwe, akiwa amekaa, si akiwa anatambaa na tonge mdomoni.

Njia ya hewa ya umri huo haizidi sana upana wa mrija wa soda. Shanga za kiunoni uzi wake ukikatika, vifungo, betri bapa za saa, mbegu za ubuyu anazogawiwa na kaka yake wa miaka 4 kwa upendo wote, hivyo ndivyo vya kuokotwa sakafuni kila jioni.

Karanga naitaja peke yake. Wapo watoto wanaoletwa wodini baada ya wiki kadhaa za dawa za kifua, kifua kinakoroma upande mmoja, na picha ya eksirei haioneshi kitu kwa sababu karanga haionekani humo. Mmoja alikuwa na miezi 11. Tuliuliza kama kuna siku alipaliwa. Mama akasema hapana. Bibi aliyekuwa ameshika kanga ndiye aliyekumbuka: karanga, kikohozi kikali, kisha kikaisha, "tukashukuru Mungu." Nusu ya karanga ilikuwa kwenye pafu la kulia, imevimba kwa unyevu, ikatolewa chini ya usingizi kwa bomba lenye kamera. Kwa hiyo hata kikohozi kikiisha chenyewe, ukisikia mluzi kifuani au homa ikafuata, nenda hospitali, na useme kwamba alipaliwa.

Mazoezi hayafanywi kwa mtoto mzima wa afya. Sisi tunatumia mdoli, na nyumbani hata mdoli wa kitambaa unafaa. Siku ya somo tungependa aje yule anayeshinda na mtoto. Mara nyingi anayekuja ni mama mwenye kadi, na dada wa kazi amebaki nyumbani anapika uji.