Je, wajua kwa nini betri mpya ya gari nayo hulala?

Asubuhi unazungusha ufunguo, gari linajibu ta-ta-ta-ta kama bisi zikipasuka kwenye sufuria, taa za dashibodi zinafifia, basi. Vijana wa mtaani wanaitwa kusukuma. Jioni unanunua betri mpya. Wiki mbili baadaye, ta-ta-ta-ta ileile, na aliyekuuzia unamwita tapeli, kumbe maskini wa Mungu hana kosa.

Betri haizalishi umeme, inautunza tu. Ni kama simtanki la nyumbani: pampu ikifa, hata ununue tanki jipya litakauka vilevile. Kwenye gari pampu ni alternata, ile inayozungushwa na mkanda wa injini. Kazi kubwa ya betri ni kupiga stata. Injini ikishawaka, taa, redio, feni na kompyuta ya gari hulishwa na alternata, na umeme unaobaki unarudishwa betrini. Alternata iliyokufa kabisa utaijua siku hiyohiyo. Iliyochoka ndiyo mwongo: inachaji kidogo, na betri mpya, kwa kuwa imekuja imejaa, inaificha aibu yake kwa siku kadhaa.

Sasa nani mgonjwa kati ya hao wawili? Tafuta maltimita, kile kidude cha fundi redio chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kiweke kwenye alama ya V yenye mstari ulionyooka, hapo penye 20. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi.

Pima asubuhi kabla hujawasha gari. Ukipima mara tu baada ya safari, betri inajifanya imeshiba. Ndani yake kuna vyumba 6, kila kimoja kinatoa volti 2.1 hivi, kwa hiyo iliyojaa inasoma kama 12.6. Ukiona 12.4, imebaki robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 hapo unategemea dua. Kisha mtu mwingine apige stata, wewe macho kwenye mita. Namba itashuka, hilo ni lazima, lakini betri iliyosoma 12.5 muda mfupi uliopita ikiporomoka chini ya 10 stata inapozunguka, hiyo imechoka kwa ndani na kuichaji ni kupoteza muda.

Gari likiwaka, soma tena. Unataka kuona kati ya 13.8 na 14.7. Kwa nini si 12.6? Kwa sababu maji hayapandi tankini kama pampu haina msukumo kuzidi uzito wa maji yaliyopo juu. Washa taa kubwa, feni na kiyoyozi vyote pamoja: namba ikiendelea kukaa juu ya 13, alternata ni nzima. Ikiwa imebaki 12 na inazidi kushuka, haichaji. Ikivuka 15, regyuleta yake, kile kidhibiti cha volti, imeharibika na inaichemsha betri. Utasikia harufu ya mayai viza, na hapo usikaribie na sigara, maana betri hiyo inatoa gesi inayolipuka. Magari mengine ya kisasa kompyuta hupunguza chaji betri ikishajaa, kwa hiyo usiihukumu alternata kabla hujawasha hizo taa.

Huna mita? Usiku, elekeza gari ukutani, washa taa, uliache lingurume bila kukanyaga mafuta. Halafu kanyaga taratibu. Mwanga ukiruka kutoka njano ya kibatari hadi mweupe, alternata inazidiwa injini inapokuwa chini, au mkanda umelegea na unateleza. Mkanda uukague kwanza, injini ikiwa imezimwa, ni bei rahisi kuliko alternata. Vichwa vya betri pia: ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kupita, na nimeona watu wakibadilisha stata nzima kwa ajili ya uchafu wa kuoshwa na maji ya moto na brashi.

Kuna kipimo kimoja nakuomba usikubali kifanywe kwenye gari lako. Fundi anawasha injini, anachomoa waya wa betri, gari lisipozima anatangaza kwa fahari kwamba alternata iko safi. Kwenye magari ya zamani ya kabureta, yasiyo na kompyuta, mchezo huo ulipita bila madhara makubwa. Siku hizi betri ndiyo inayomeza mshtuko wa umeme. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka mara kadhaa ya kiwango chake na kuunguza kompyuta ya gari. Bei ya kompyuta unaijua.

Wapo pia wanaopima kila kitu, mchana namba zote nzuri, lakini asubuhi gari halina kitu. Hapo kuna kinachokula umeme usiku: taa ya buti isiyozima, alamu, redio iliyofungwa kienyeji. Fungua waya wa hasi kabla ya kulala. Asubuhi urudishe, na gari likiwaka bila shida, mlaji yupo.

Mara nyingine mlaji ni alternata yenyewe. Ndani yake kuna dayodi, milango inayoruhusu umeme utoke kwenda betrini lakini usirudi. Moja ikivuja, umeme unarudi kinyumenyume usiku kucha. Siku waya wa hasi haukufunguliwa, nenda alfajiri kabla hujawasha chochote, fungua boneti na uweke kiganja kwenye alternata. Injini nzima ni baridi kama jiwe la kisimani. Yenyewe ikiwa na uvuguvugu, umempata.